Mwisho wa dunia ao mwisho wa ulimwengu? Vile sayansi inafikiri

Jioni ya tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka na lava ikashuka hadi Buhene, karibu na uwanja wa ndege wa Goma. Siku tano baadaye, tarehe 27, wakubwa wa jimbo wakaomba wakaaji wa kartiye nyingi za mji waondoke. Watu mamia ya maelfu wakashika njia: wengine Sake, wengine Minova, wengine wakavuka mpaka na kuingia Rwanda. Magodoro juu ya kichwa, watoto mgongoni, na hapakukosa wenye kusema kwamba huu sasa ndio mwisho wa dunia.

Goma ingali iko. Lakini neno lile halijaondoka. Linarudi kila mara ardhi inapotetemeka, kila mara vita inaposogea, kila mara jua linapopatwa na mchana kugeuka giza kidogo.

Shida moja iko ndani ya neno lenyewe. Kwa Kiswahili, "dunia" inaweza kuwa maisha yetu na kijiji chetu. Inaweza kuwa sayari hii yenye tunakanyaga. Na kwa watu wengi inaweza pia kuwa kila kitu chenye kiko, pamoja na jua na nyota zote. Kwa hiyo mtu akisema mwisho wa dunia, kuna mambo matatu tofauti: mahali pamoja kuharibika, sayari kufa, na ulimwengu wote kwisha. Sayansi inayapima kila moja kwa vyombo vyake na kwa hesabu zake, na muda wa moja hauna undugu na muda wa lingine.

Kwa mkaaji wa Ngungu, kule Masisi, karibu na mpaka wa Kivu ya Kusini, mwisho wa aina ya kwanza si hadithi ya kitabuni. Watu wa eneo lile wamekimbia, wakarudi, wakajenga, wakakimbia tena. Na mwisho wa aina ya tatu, ule wa ulimwengu wote, mtu wa Ngungu yuko na nafasi nzuri ya kuufikiria kuliko mtu wa mjini, juu kule taa za umeme ni chache. Usiku mawingu yakiondoka, ule mkanda mweupe wa nyota unapita juu ya vilima toka upande mmoja wa anga hadi mwingine. Mkanda ule ndio galaksi yetu, kundi la nyota zaidi ya miliari mia moja, na jua letu ni moja tu kati yao.

Padiri mwenye kuhesabu nyota

Wanasayansi hawakuanza na mwisho. Walianza na mwanzo, na mmoja wa watu wa kwanza kuufikiri vizuri alikuwa padiri. Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, mwaka 1894. Alipata upadiri mwaka 1923, kisha akafundisha kwenye chuo kikuu cha Louvain, kile kile chenye kilizaa Lovanium ya Kinshasa mwaka 1954. Mwaka 1927, wakati Kongo ilikuwa bado koloni ya nchi yake, Lemaître aliandika kwa Kifaransa kwamba ulimwengu unapanuka: galaksi zinaachana, na yenye iko mbali zaidi inakimbia mbio zaidi. Miaka miwili kisha, Mmarekani Edwin Hubble akatoa vipimo vyenye vilionyesha jambo lile lile.

Namna gani mtu anaweza kujua kama nyota inakimbia? Fikiria motari kwenye barabara. Ikikuja mbele yako sauti yake ni nyembamba. Ikikupita na kuenda, sauti inakuwa nzito. Nuru nayo inafanya hivyo. Kitu chenye kung'aa kikienda mbali, nuru yake inavutika kuelekea rangi nyekundu. Wanasayansi wanasoma wekundu ule na kujua mbio.

Lemaître aliendelea na hesabu nyepesi kuelewa: kama leo vitu vinaachana, basi jana vilikuwa karibu, na zamani sana vilikuwa vimebanana pamoja. Mwaka 1931 alisema kwamba ulimwengu wote ulitoka kwenye kitu kimoja kidogo, chenye alikiita chembe ya kwanza. Leo tunajua kwamba mwanzo ule ulikuwa miaka miliari 13,8 iliyopita. Miliari moja ni milioni elfu moja. Ni vizuri kulikumbuka, kwa sababu mbele ya makala hii namba zitaendelea kunenepa.

Jambo moja la padiri huyu linafaa kwa wakristo na waislamu wa hapa kwetu. Mwaka 1951, Papa Pius wa 12 alitoa hotuba yenye kuunganisha hesabu hizi na uumbaji wa Mungu. Lemaître hakufurahi. Hakuwa amepoteza imani. Alibaki padiri hadi kifo chake mwaka 1966. Lakini kwake hesabu ya nyota ilikuwa kazi moja na imani ilikuwa njia nyingine, na moja haikupaswa kutumiwa kuwa shahidi wa nyingine. Mtu mwenye kushika Maandiko anaweza basi kusoma mambo yanayofuata bila kuona kama anavutwa kuacha kanisa lake ao msikiti wake.

Chukudu yenye inapanda bila mtu kusukuma

Ukikubali kwamba ulimwengu unapanuka, swali la mwisho linakuja lenyewe. Utaendelea kupanuka mpaka wapi?

Kwa muda mrefu wanasayansi walifikiri kwamba jibu ni rahisi. Kila kitu chenye uzito kinavuta kingine: ardhi inavuta jiwe, jua linavuta ardhi, galaksi inavuta galaksi. Kwa hiyo mvutano ule ungepaswa kupunguza mbio ya kupanuka. Ni sawa vile chukudu yenye mzigo ikisukumwa mara moja kwa nguvu kwenye mlima wa kutoka Sake: inapanda, inapoteza mbio, na kama haikupata msukumo mwingine inasimama ao inarudi nyuma. Walibakia kubishana tu juu ya kiasi gani inapunguza mbio.

Mwaka 1998, vikundi viwili vya watafiti, kila kimoja peke yake, vilienda kupima. Walitumia aina ya nyota zenye kupasuka mwishoni mwa maisha yao, zenye kutoa mwangaza karibu sawa kila mara. Ni kama kuwa na torshi nyingi za aina moja zenye batri mpya: yenye inaonekana hafifu, ndiyo iko mbali. Waliona kwamba nyota zile za mbali zilikuwa hafifu kuliko vile hesabu ilisema. Maana yake zilikuwa mbali zaidi. Na maana ya hiyo ni kwamba ulimwengu haupunguzi mbio hata kidogo. Unaongeza. Chukudu inapanda mlima, hakuna mtu nyuma yake, na bado inaongeza mbio.

Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa tuzo la Nobel la fizikia mwaka 2011 kwa kazi ile. Lakini mpaka leo hakuna mwenye kujua ni nini inasukuma. Kitu kile kilipewa jina ambalo, likitafsiriwa vibaya, linaweza kuleta fujo katika maombi: nguvu ya giza. Haina uhusiano wowote na uchawi ao mashetani. "Giza" hapa inamaanisha tu kwamba haitoi nuru na haionekani. Hesabu inasema kwamba inafanya karibu asilimia 68 ya vyote vyenye viko ulimwenguni. Asilimia 27 nyingine ni maada yenye nayo haionekani, inajulikana tu kwa namna inavyovuta nyota. Vyote vyenye tunaona, milima, ziwa, ng'ombe wa Masisi, jua, nyota zote, ni asilimia 5 tu.

Mwisho wa ulimwengu unategemea nguvu ile. Kama itabaki vilevile, mambo yataenda namna moja. Kama itaongezeka, namna nyingine. Kama itapungua, tena namna nyingine.

Mbabula yenye inazimika

Namna ya kwanza ndiyo wanasayansi wengi wanaona kuwa karibu na ukweli, kwa hiyo inafaa kuielewa polepole. Ni mwisho wa baridi.

Angalia mbabula usiku, wakati chakula kimekwisha kuiva na hakuna mtu anaongeza makala. Hakuna mtu anamwaga maji juu yake. Haipasuki. Inabaki nyekundu kidogo, kisha inafifia, kisha inakuwa majivu yenye joto, kisha majivu yenye baridi sawa na baridi ya nyumba. Joto lake halikupotea. Limesambaa tu ndani ya nyumba yote mpaka hakuna mahali penye joto kupita pengine. Pale ambapo kila kitu kiko na joto moja, hakuna kazi yenye inaweza kufanyika. Huwezi kupika kwa joto la ukuta.

Ndivyo ulimwengu utaisha kama nguvu ya giza haitabadilika. Galaksi zitaendelea kuachana. Itafika wakati ambapo mtu akiangalia anga hataona galaksi nyingine hata moja zaidi ya zile za jirani, juu nuru yao haitaweza tena kumfikia. Ndani ya kila galaksi, gesi yenye kuzaa nyota mpya itakwisha. Jua kubwa linakufa haraka, lakini nyota ndogo nyekundu zinatumia moto wao kwa ubahili. Zitaendelea miaka miliari elfu nyingi. Mwaka 1997 Wamarekani wawili, Fred Adams na Gregory Laughlin, walifuata hesabu hii hadi mwisho wake. Walipata kwamba nyota za mwisho zitazimika kufikia karibu miaka miliari 100 000. Yaani umri wote wa ulimwengu mpaka leo, mara elfu saba hivi.

Kisha vitabaki vitu vyeusi na baridi: masalio ya nyota na mashimo meusi. Shimo jeusi ni mahali ambapo uzito umebanana sana mpaka hata nuru haiwezi kutoka. Mwaka 1974 Mwingereza Stephen Hawking alionyesha kwa hesabu kwamba hata shimo jeusi halidumu milele. Linavuja nguvu kidogo-kidogo mpaka linakwisha. Kwa yale makubwa kabisa, muda wake ni namba ya miaka yenye kuandikwa 1 na kufuatwa na sifuri 100. Hakuna jina la kawaida la namba ile kwa Kiswahili, na mtu akijaribu kuilinganisha na kitu cha hapa duniani, mchanga wa ziwa ao majani ya msitu wa Walikale, atashindwa kabla hajaanza.

Namna ya pili ni kinyume. Kama nguvu ya giza itaendelea kuongezeka bila kikomo, haitaishia kutenganisha galaksi tu; itapasua kila kitu. Watafiti watatu wa Marekani waliandika juu yake mwaka 2003. Katika mfano wao, galaksi yetu inavunjika miaka milioni 60 mbele ya mwisho, sayari zinaacha jua miezi mitatu mbele, ardhi inapasuka nusu saa mbele, na mwishowe hata chembe ndogo kabisa zinachanika. Mfano ule ulikuwa na tarehe ya miaka karibu miliari 22 kuanzia sasa. Vipimo vyenye vimefanywa tangu wakati ule havijaipa nguvu sana.

Namna ya tatu ndiyo chukudu yenye inarudi nyuma. Kama nguvu ya giza itapungua na kugeuka, mvutano utashinda. Galaksi zitaanza kurudiana, anga itapata joto, na kila kitu kitabanana tena sawa vile kilikuwa mwanzoni. Watu wengine wanapenda wazo hili juu linaacha mlango wazi kwa mwanzo mwingine. Kupenda wazo si kipimo, lakini.

Kuna tena ya nne, yenye inaogopesha zaidi kwa namna inavyosimuliwa: kwamba msingi wenyewe wa maada unaweza kuwa haujatulia kabisa, kama jiwe lenye limekaa kwenye kishimo kidogo katikati ya mlima badala ya kufika bondeni. Siku moja likiteremka mahali fulani, badiliko lile lingesambaa kwa mbio ya nuru, na hakuna mtu angeliona likikuja. Hesabu zenye ziko leo zinaonyesha kwamba kungojea jambo kama lile ni muda mrefu sana kupita umri wa ulimwengu.

Habari mpya katika mambo haya ilitoka Arizona, Marekani. Kule kuna darubini yenye macho 5 000 madogo yenye kusukumwa na roboti, na kazi yake ni kuchora ramani ya galaksi. Mwezi wa 3 mwaka 2025, baada ya kupima galaksi na vitu vingine vya mbali karibu milioni 15, watafiti wake walisema kwamba inaonekana nguvu ya giza imeanza kulegea. Walisema "inaonekana". Kwa desturi ya fizikia, uhakika wao ulikuwa haujafika kiwango chenye kinaombwa ili kitu kiitwe uvumbuzi. Kama itathibitishwa, ile hesabu ya mbabula itabidi ifanywe upya.

Uhuru, toka Malindi

Mtu anaweza kufikiri kwamba mambo haya yote yanafanyika mbali na Afrika ya Mashariki. Si hivyo. Tarehe 12 mwezi wa 12 mwaka 1970, roketi iliruka toka jukwaa la chuma lenye Waitaliano walisimamisha ndani ya bahari, kaskazini ya Malindi, Kenya. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu ni karibu na ikweta. Roketi ilibeba satelaiti ya Marekani yenye kuangalia miali ya eksirei toka angani, ya kwanza ya aina yake. Siku ile Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru, na kwa kuwashukuru wenyeji, Mama Marjorie Townsend, mwenye alisimamia kazi ile, alikubali satelaiti ipewe jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwaka 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339 vya miali. Kimoja, chenye kuitwa Cygnus X-1, kiko zaidi ya miaka 7 000 ya nuru toka hapa. Vipimo vya Uhuru vilisaidia kuonyesha kwamba kile chenye kiko pale si nyota ya kawaida. Ni shimo jeusi, la kwanza lenye wanasayansi wengi walikubali kwamba liko kweli. Mbele ya hapo mashimo meusi yalikuwa mambo ya karatasi. Riccardo Giacconi, mwenye aliongoza utafiti ule, alipata Nobel mwaka 2002. Kwa hiyo sehemu moja ya ile hesabu ya mwisho wa baridi, ile ya mashimo meusi yenye kubaki nyuma ya nyota zote, ilipata ushahidi wake wa kwanza kwa chombo chenye jina la Kiswahili.

Pwani hiyo hiyo ya Malindi ilijulikana tena ulimwenguni mwaka 2023, na safari hii kwa huzuni. Katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, miili ya watu zaidi ya 400 ilifukuliwa. Kwa maneno ya waendesha mashtaka wa Kenya, waliambiwa kwamba mwisho wa dunia uko karibu, na wakafunga kula hadi kufa ili wamfikie Yesu mbele ya siku ile. Watoto walikuwa wengi kati yao.

Na karibu zaidi na Kivu kuna Kanungu, Uganda, wilaya yenye inapakana na Rutshuru upande wa Ishasha. Kikundi kimoja cha dini kilikuwa kimetangaza mwisho kwa kufunga mwaka 1999. Tarehe ilipita, mwaka 2000 ukaingia, watu wakaanza kuuliza juu ya mali zao zenye walikuwa wametoa. Tarehe 17 mwezi wa 3 mwaka 2000, watu mamia waliteketea ndani ya nyumba ya maombi yenye milango na madirisha yalikuwa yamefungwa, na baadaye makaburi mengine yalipatikana.

Hapa ndipo tofauti inaonekana wazi, na haihitaji shule kubwa. Katika namna zote nne zenye zimeelezwa juu, hakuna mwanasayansi mwenye kutoa siku. Hakuna mwenye kusema uza shamba, toa watoto shuleni, leta pesa. Kila mmoja anasema hesabu yangu inategemea kipimo hiki, na kipimo kikibadilika nitabadilisha. Mtu mwenye kutoa tarehe na kuomba mali kwa mara moja ametoka wapi na hesabu ile?

Kile chenye kiko karibu

Kwa sayari yetu, mwisho hautangojea ulimwengu. Jua liko na miaka miliari 4,6 na limetumia karibu nusu ya moto wake. Litabaki na miaka kama miliari 5, kisha litavimba, litakuwa jekundu, na litameza sayari za karibu, labda hata hii yetu. Lakini kwa viumbe shida itaanza mbele. Jua linaongeza mwangaza kidogo-kidogo, na baada ya miaka kama miliari moja joto litakuwa kali hivi kwamba bahari na maziwa yatakauka. Miliari moja ni muda mrefu: miaka milioni mia sita iliyopita hapakuwa hata na samaki.

Kifo cha nyota, lakini, si hasara tupu. Vijana wenye kuchimba koltani kwenye vilima vya Rubaya wanatoa ardhini jiwe lenye madini ya tantali, yenye inatengenezwa kuwa vipande vidogo vya kushika umeme ndani ya simu. Tantali haikutengenezwa na ardhi. Ilipikwa ndani ya nyota za zamani zenye zilikufa mbele jua letu halijazaliwa, zikamwaga majivu yao angani, na majivu yale yakaingia katika udongo wenye ulifanya sayari hii. Chuma cha jembe nacho ni hivyo. Mchimbaji akibeba mfuko wa koltani anabeba mwisho wa nyota zingine, kwa bei yenye watu wengine wanaamua.

Kile chenye kinaweza kutufikia leo ao kesho ni kingine kabisa. Nyiragongo ilipasuka mwaka 1977, 2002 na 2021. Ziwa Kivu linashika ndani ya vilindi vyake gesi ya kaboni na ya metani kwa wingi sana. Ziwa dogo kuliko hilo, Nyos la Kameruni, lilitoa gesi ya kaboni usiku mmoja mwaka 1986 na kuua watu zaidi ya 1 700. Hayo ndiyo mambo ya kuulizia OVG, ofisi ya Goma yenye kufuata volkano, juu yake mtu anaweza kufanya kitu: kujua njia ya kukimbilia, kutokukaa kwenye mashimo yenye mazuku, kusikiliza matangazo. Mambo ya nyota kwa upande wao hayaombi mtu akimbie.

Kwa mkaaji wa Ngungu mwenye anataka kuona kwa macho yake sehemu moja ya habari hii, iko nafasi. Kati ya mwezi wa 10 na wa 12, kama mvua imekatika na mwezi haujatoka, kwenye saa tatu ya usiku angalia upande wa kaskazini, karibu nusu ya njia kati ya vilima na juu ya kichwa. Ngoja dakika kumi bila kuwasha simu, kusudi macho yazoee. Kuna alama ndogo hafifu, kama moshi, isiyo na ncha kama nyota. Inaitwa Andromeda, na ni galaksi nzima. Nuru yenye inaingia jichoni usiku ule ilitoka kule miaka milioni 2 na nusu iliyopita, wakati watu kama sisi walikuwa hawajakuwako.

Yenyewe haikimbii kama zingine. Iko jirani sana, mvutano umeshinda, na inakuja upande wetu. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walisema kwamba itagongana na galaksi yetu baada ya miaka miliari 4. Mwaka 2025 wengine walirudia hesabu kwa vipimo vizuri zaidi na kupata kwamba, katika miaka miliari 10 yenye inakuja, nafasi ya kugongana na nafasi ya kupishana ni karibu sawasawa.